Nyani Mzima Hasitisiti

Kila mchezo mkubwa wa kompyuta hutoka na orodha mbili za masharti. Ya kwanza ni kima cha chini, ya pili ni kinachopendekezwa. Aliyewahi kupeleka posa ataielewa orodha hiyo bila kufundishwa, maana ni barua ya mahari. Kima cha chini kinakuruhusu kuvua viatu na kuingia sebuleni kwa wakwe; kinachopendekezwa ndicho kinachokupa mke. Katikati ya hizo mbili ndipo wanapokaa wengi wetu wenye kompyuta za nyumbani: tumekaribishwa, tumepewa soda, na binti hatujamwona.

Kompyuta yetu haikununuliwa kwa ajili ya michezo. Ilikuja na mitumba ya maofisini kutoka Ulaya, yale masanduku membamba yanayolazwa mezani kioo kikawekwa pembeni. Kazi yake imekuwa kuandika mihtasari ya kikoba, kuchapa mitihani ya mke wangu ambaye ni mwalimu, na kutunza video za harusi ya shemeji yangu, kuanzia kicheni pati, sendofu, hadi harusi yenyewe pamoja na ile saa nzima ya watu kupanga foleni ya chakula. Inakaa sebuleni. Juu ya CPU kuna kitambaa cha kufuma, rangi ya maziwa, chenye maua ya waridi pembezoni, kazi ya mkono wa mama mkwe wangu. Kitambaa hicho kina kesi yake huko mbele.

Basi mpwa wangu akamaliza kidato cha nne, akaja kwetu Tabata kusubiri matokeo. Siku za mwanzo aliosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo lingetosha kunishtua. Halafu akaja na swali lake, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeulizia habari za mgonjwa.

“Mjomba, hii mashine inaweza kupiga Wukong?”

Kwa wasiofahamu, anayesemwa hapo ni Black Myth: Wukong, mchezo uliotengenezwa China na kampuni ya Game Science. Ulitoka tarehe 20 Agosti 2024, na ndani ya siku 3 watengenezaji wakatangaza kwamba nakala milioni 10 zimeshauzwa. Kisa kimechotwa katika Safari ya Magharibi, riwaya ya Kichina ya karne ya 16, na shujaa wake ni nyani. Nyani huyu ana mavazi ya vita na fimbo inayorefuka kwa amri yake, na anapambana na mazimwi, mbwamwitu wenye silaha zinazowaka moto na majemadari wa mbinguni. Mchezo ulipotoka bei yake ilikuwa dola 59.99 za Marekani, yaani zaidi ya laki moja na nusu za kwetu, kabla hujagusa bando.

Nikamwambia alete orodha. Kima cha chini kilisomeka hivi: prosesa ya Core i5-8400, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki ya GTX 1060 yenye GB 6 zake yenyewe, na nafasi ya GB 130 kwenye diski. Diski ya kawaida inakubalika, ila SSD inapendekezwa. Sisi tulikuwa na prosesa ya Core i5-8500, RAM ya GB 8, kadi hatuna, na diski iliyobakiwa na GB 90 kwa sababu ya ile foleni ya chakula.

Vijana wana namna yao ya kusoma masharti. Mpwa wangu alisoma mstari wa kwanza akaruka juu. “Mjomba, prosesa tumewapita!” Na ni kweli, tulikuwa tumewapita, 8500 dhidi ya 8400. Mistari mitatu iliyobaki, ambayo kila mmoja ulikuwa unatufukuza mlangoni, aliibatiza jina la marekebisho madogo.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila hili kisa hakieleweki. Katika mchezo wa namna hii prosesa ni mpangaji; mchoraji ni kadi ya grafiki. Kila jani la mti, kila unywele wa nyani, kila kivuli na kila mng’ao wa maji lazima uchorwe upya mara kadhaa kwa sekunde. Mara 30 kwa sekunde jicho linaridhika. Mara 60 linafurahi. Chini ya 30 mambo yanaanza kusita, na chini ya 20 unaangalia albamu ya picha. Kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ina kipengele kidogo cha kuchorea ndani ya prosesa, kinachokopa RAM ya wenyewe, na kilichozoea kazi za Excel. Kukipa nyani wa Kichina mwenye manyoya milioni ni uonevu.

Swali la mpwa wangu lenyewe si geni. Mwaka 2007, yeye hajazaliwa, kampuni ya Crytek ya Frankfurt, Ujerumani, ilitoa mchezo unaoitwa Crysis, na ukazishinda hata kompyuta za matajiri wa wakati ule ukiwekwa kwenye kiwango cha juu kabisa. Tangu hapo, popote duniani mtu akitangaza kanunua mashine mpya, hutokea mwenzake akamuuliza kama inaweza kuchezesha Crysis. Watengenezaji nao wakaufanya utani huo kuwa mtaji: walipoutoa upya mwaka 2020, kiwango cha juu kabisa cha picha walikipa jina la swali hilohilo. Kinachonichekesha mimi ni kwamba Crysis ya 2007 iliomba RAM ya GB 1 kama kima cha chini. Leo GB 1 haitoshi kufungulia kurasa mbili za intaneti, na hakuna aliyetuomba radhi.

Tulikwenda Kariakoo Jumamosi, siku ambayo mtu mwenye akili zake haendi Kariakoo. Duka la kwanza lilikuwa na upana wa mlango wake, na ndani kulikuwa na kijana mwenye fulana ya mpira na kujiamini kwa hali ya juu. Nikamtajia mchezo. Hakuuliza kompyuta yetu ni ya aina gani. Akatoa kadi kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akaipangusa kwa kiwiko, akasema, “Hii inapiga kila kitu, bosi.”

Nikasema nataka kuona. Akachomeka kadi kwenye kompyuta ya dukani, akabonyezabonyeza, akageuza kioo upande wetu. Nyani akaruka kutoka mawinguni. Manyoya yalipepea, fimbo ikazunguka, adui akaenda chini, vumbi likatimka. Mpwa wangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi macho yangu yalikuwa chini ya kioo, ambako kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu unaotembea taratibu kwenda kulia, na pembeni yake alama ya kusimamisha.

“Kijana,” nikamwambia, “hiyo ni video.”

Hakupepesa jicho. “Ndiyo bosi, ni video. Lakini si unaona inavyoteleza?”

Sijawahi kukutana na jibu gumu kulijibu kama lile. Video ni picha ambazo mtu mwingine, kwenye kompyuta nyingine, pengine bara jingine, alishazichora zikaisha. Simu yangu yenye kioo kilichopasuka inaionyesha video hiyo bila shida. Nilipomweleza hivyo, muuzaji alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akamgeukia mpwa wangu na kumwambia bei.

Aliyetusaidia alikuwa fundi wa ghorofani, mtu wa makamo asiyependa maneno, mwenye tochi ya kichwani. Tulikuwa tumebeba CPU kwenye mfuko wa shangazi kaja. Akaifungua. Kwanza akatoa vumbi la kujaza kikombe, halafu sisimizi, wengine wakiwa wamekufa na wengine wakiendelea na shughuli zao. Kisha akapima kwa vidole. GTX 1060 iliyotajwa kwenye orodha hula wati 120 na inataka waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai yetu imeandikwa wati 200 kwa ajili ya sanduku zima, na waya huo haina. Zaidi ya hayo, kadi yenyewe ni ndefu na pana kuliko nafasi iliyopo. Ingeingia tu kama sisi tungekubali kuishi na CPU isiyo na mfuniko.

“Nyumba yenyewe ndogo,” fundi akasema. “Inataka kadi fupi, isiyo na waya.”

Zipo. GTX 1650, ile fupi, hula wati 75 na inazipata zote kwenye nafasi inapochomekwa. Tatizo lake ni kwamba ina GB 4, na mkwe kataka 6. Mpwa wangu akapiga hesabu papo hapo akasema tumepungukiwa GB 2 tu, kwa sauti ya mtu aliyepungukiwa nauli ya daladala. Tukachukua hiyo, na RAM ya GB 8 kuongezea, na SSD ya GB 256. Fedha zilitoka kwenye fungu la kupaka rangi ukuta wa nje. Mke wangu alipoulizwa alisema ukuta umesubiri tangu tuhamie, basi na uendelee, lakini alisema hivyo akiwa anaangalia mahali pengine.

Kuhusu mchezo wenyewe niliweka msimamo: sinunui kitu cha dola 60 kabla ya ushahidi. Na hapo Game Science wanastahili pongezi, maana wiki moja kabla ya kuutoa mchezo walitoa programu ya bure ya majaribio. Unaipakua, inazungusha kamera msituni, inapima kompyuta yako inachora picha ngapi kwa sekunde, halafu inakupa majibu. Laiti kila kitu kinachouzwa kingekuwa na programu ya namna hiyo. Ningeanzia kwa mafundi wa gari.

Programu ilipofunguliwa mara ya kwanza haikuonyesha msitu wala mto. Ilionyesha maandishi na asilimia. Inaandaa maelekezo ya uchoraji yanayolingana na kadi yako, na kazi hiyo huifanya kwa nguvu zote za prosesa. Tulikaa sote tukiangalia namba. Feni ya CPU, ambayo kwa miaka ya mihtasari ya kikoba ilikuwa haijawahi kusikika, ilianza kuunguruma hadi jirani akauliza kama tumenunua blenda. Asilimia 40. Asilimia 65. Ilipofika 81, nyumba nzima ikawa giza.

TANESCO hawakuhusika. LUKU ilikuwa imeisha. Mimi nilijua mke wangu kanunua uniti, mke wangu alijua nimenunua mimi, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa amesikia mita ikilia tangu mchana lakini alikuwa kwenye asilimia 12 na hakutaka kutusumbua. Umeme uliporudi, kazi ya maandalizi ilianza sifuri.

Mwishowe majibu yakaja: wastani wa picha 52 kwa sekunde.

Kijana alitoka nje kabisa akapiga kelele. Nilisikia akipiga simu kwa wenzake na kutangaza kwamba mashine ya mjomba inapiga Wukong, hamsini na mbili, bila wasiwasi. Mimi nilibaki nikiangalia orodha ya mipangilio aliyoiweka, nikaona mambo.

Kwanza, kila kitu kilikuwa chini: vivuli chini, majani chini, manyoya chini. Hilo ni halali. Pili, kompyuta ilikuwa imeambiwa ichore picha ndogo, nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani robo ya kazi, halafu iikuze ijaze kioo na kukisia kilichokosekana. Hilo nalo watu wanalifanya, na likifanywa vizuri macho hayadai. Ila la tatu ndilo lililonifanya nivue miwani. Kati ya kila picha mbili za kweli, mashine ilikuwa inatunga picha moja ya katikati na kuihesabu kama kazi yake. Karibu nusu ya zile 52 zilikuwa hadithi. Nilipouzima utungaji huo na kupima tena, namba ikawa 29.

“Lakini mjomba, hata zile za kutunga si zinaonekana?”

Zinaonekana, ndiyo. Shida ni kwamba mchezo hauzijui. Ukibonyeza kitufe cha kupiga, mchezo unakusikiliza kwa mwendo wa zile picha za kweli, na kutunga picha ya katikati kunailazimu mashine isubiri ile inayofuata kabla haijakuonyesha chochote. Mwendo unaonekana laini, lakini mkono unafika umechelewa. Watengenezaji wa teknolojia hiyo wenyewe hushauri itumike pale ambapo picha za kweli zinatosha tangu mwanzo. Sisi tuliitumia kuficha njaa. Nilimweleza yote hayo kwa utaratibu, na alinielewa kama nilivyoeleweka na yule muuzaji.

Aliyemaliza ubishi alikuwa mama mkwe.

Alikuwa amekuja kutoka Korogwe kutusalimia. Mwanafunzi mwenzake mpwa wangu naye akawa amefika, kabeba mchezo kamili kwenye diski ya nje na akaunti yake halali ya kuufungulia, kwa lengo la kushuhudia hizo hamsini na mbili. Kunakili GB 130 kulichukua muda wa kupika na kula. Mama mkwe alikaa kwenye kochi la pembeni, ungo mapajani, anachagua mchele. Mimi nilikaa wima, mikono magotini, kama inavyonipasa nikiwa mbele yake.

Mchezo ukaanza. Nyani kasimama mawinguni, mbele yake jeshi la mbinguni, muziki mzito. Hata mimi nilisisimka. Kisha pambano likaanza, na nyani akanyanyua fimbo. Akainyanyua, akasita, ikawa iko juu, ikawa iko chini. Adui akaruka, akapotea, akatokea pembeni. Mpwa wangu alibonyeza kukwepa. Nyani akatafakari, akapigwa, halafu ndipo akakwepa.

Mama mkwe akaacha mchele.

“Huyu nyani anaumwa?”

Hakuna aliyejibu. Mgeni wetu aliangalia chini.

“Nauliza, maana mimi nyani nawajua,” akaendelea, bila ubaya wowote. “Nimewafukuza kwenye mahindi tangu sijaolewa. Nyani mzima hasitisiti. Ukiinua fimbo tu, yuko mtini anakucheka. Huyu mwacheni apumzike.”

“Bibi, siyo nyani, ni kompyuta ndiyo inachelewa,” mpwa wangu akasema.

“Basi anaumwa kompyuta.”

Nimesoma uchambuzi mwingi wa kadi za grafiki, wenye majedwali na mistari ya rangi, na bado sijaona kipimo kilichonyooka kuliko hicho. Mama mkwe hakuwa amenunua chochote. Hakuwa ametangaza namba kwa rafiki zake, hakuwa na duka, wala hakuwa ametoa fungu la rangi ya ukuta. Muuzaji alitaka iweze, kijana alitaka iweze, na mimi, baada ya kulipa, nilikuwa nimeanza kutaka iweze. Yeye alitaka kujua tu kwa nini mnyama anasita.

Mambo yakazidi kuwa mabaya. Kadiri dakika zilivyokwenda, nyani alizidi kudhoofika. Kutoka 29 tukashuka 22, kisha 17. Feni inalia, sebule imepata joto la Desemba juu ya joto la Desemba. Vijana wawili wakatazamana, halafu wakanitazama, halafu sote tukatazama mahali pamoja bila kusema neno. Kitambaa.

Sanduku letu huvuta hewa kwa matundu ya mbele. Kitambaa cha mama mkwe, kwa uzuri wake wote, huning’inia mbele hadi kwenye matundu hayo, na maua ya waridi yakiwa yamepangwa juu ya matundu sawasawa. Prosesa za aina hiyo zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Dawa ilikuwa kuinua kitambaa. Lakini mfumaji wake alikuwa mita mbili kutoka pale, na mkwe wa kiume hasimami mbele ya mama mkwe wake akavua kitambaa alichopewa zawadi akakitupa pembeni. Sijui sheria hiyo imeandikwa wapi. Nilikaa nikaiangalia namba ikisoma 15.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni, akaona nyuso zetu, akaelewa yote. “Mama, hiki kitambaa chako kimeshika vumbi, ngoja nikakifue,” akasema, akakichukua na kwenda nacho. Namba ikapanda hadi 27. Mama mkwe alifurahi kuona kazi yake inatunzwa. Kisha akaliangalia sanduku lililobaki wazi, akasikitika, akaahidi kufuma kingine kikubwa zaidi, cha kufunika na kioo.

Usiku ule mke wangu alileta hesabu yake, na ilikuwa fupi. Kompyuta na kioo chake, mchezo ukiwa umepamba moto, tuseme vinakula wati 200. Saa 5 za namna hiyo ni uniti 1. Mpwa wetu hachezi saa 5. Ila tukimruhusu, kwa mwezi ni uniti 30. Nyumba yetu iko kwenye lile daraja la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti inauzwa kwa bei ya huruma. Friji, taa, pasi na televisheni vimeshatufikisha karibu na mpaka. Nyani akiongezeka, tunavuka, na huko ng’ambo uniti ina bei nyingine. “Anayeumwa huyo,” akasema, “anatuuguza na sisi.”

Watu wa mtandaoni watasema tungeweza kuendelea kupunguza. Kweli, zipo njia. Unaweza kushusha picha mpaka msitu uwe ukungu, ukaondoa vivuli, ukakata majani, ukapunguza kioo chenyewe. Mpwa wangu alijaribu zote. Alifika mahali ambapo nyani alitembea vizuri kabisa, picha 35 kwa sekunde, lakini sura yake haikutofautiana na ya mbwamwitu aliyekuwa akipigana naye, na mara mbili kijana alimsifu adui. Kama unalipa laki moja na nusu kwa ajili ya uzuri wa mchezo, halafu unaanza kwa kuuondoa uzuri, nadhani ni haki kujiuliza umenunua nini.

Hatukuununua. Mgeni aliondoka na diski yake. Nikasema kadi iliyopo isikae bure, tukatafuta mchezo wa umri wake. The Witcher 3 ulitoka Mei 2015, wakati ambapo RAM ya GB 6 ilitosha kukuingiza mlangoni, na siku za punguzo bei yake hushuka mpaka mtu akaona aibu kuomba ipunguzwe tena. Una misitu, una mazimwi, una mzee wa mvi mwenye panga mbili na farasi. Kwenye mashine yetu unakwenda picha 60 kwa sekunde, vivuli vikiwemo, feni ikipiga mluzi wa kawaida. Mama mkwe aliutazama kwa muda mrefu kutoka kwenye kochi lake. Mzee wa mvi akapanda farasi, akavuka daraja, akaingia kijijini.

“Huyu mzima,” akasema. “Na farasi wake mzima.” Akarudi kwenye mchele wake.

Kuna njia nyingine pia, na ninaitaja kwa faida ya wazazi wenzangu: kibanda cha PS mtaani. Wukong upo kwenye PS5, na mwenye kibanda ndiye anayehangaika na joto, umeme na GB 130. Mtoto analipia muda wake, anacheza, anarudi nyumbani akiwa amemwona nyani akiwa na afya njema. Mke wangu ana pingamizi zake kuhusu vibanda hivyo na sitaki kuzijibia hapa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama nyumbani una kompyuta ya mtumba na kijana anayeosha vyombo bila kuambiwa, anza kusoma orodha kutoka mstari wa kadi ya grafiki, siyo wa prosesa. RAM inaongezwa, diski inabadilishwa, lakini kadi ina mambo matatu ambayo hayabembelezwi: urefu wa sanduku lako, waya wa pawa saplai yako, na GB zilizoandikwa juu yake. Kama mchezo una programu ya majaribio, ipakue kabla ya kutoa senti, na uzime utungaji wa picha kabla hujaamini namba. Angalia LUKU. Na ukiwa Kariakoo ukaambiwa kadi inapiga kila kitu, mwombe muuzaji afungue mchezo wenyewe, akupe kibodi uushike. Akisema subiri kidogo nikutafutie video, beba CPU yako upande ghorofani kwa fundi.